Kondoo wa Aliyemwaga Damu

Lubao, Kakamega
9 Machi 2025

Mpwa wangu Quinter,

Mulembe. Mulembe ya pili ni ya Rachael, ambaye amesimama hapa nyuma yangu akitaka kuhakikisha nimeandika jina lake. Nimeliandika, sasa ameenda.

Huku tunapumua. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama dume, mkorofi kama babu yake, tayari anafukua mchanga kwa pembe ambazo hana. Presha ya Rachael inapanda na kushuka inavyotaka. Miwa ya shamba la chini bado imesimama, kiwanda hakijaleta trekta, na wakizidi kukawia tutaiuza kama kuni.

Barua hii nampa mama yako kwa sababu simu yako haishikiki. Anasema ulitupa laini. Nikamwuliza uko wapi. Dada yangu wa tumbo moja, Zipporah niliyembeba mgongoni kila mto ulipojaa, alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Haya, siku hizi mimi ni mtu wa kufichwa! Niambie uko wapi nikuletee kuku. Mjomba haendi kwa mpwa mgonjwa mikono mitupu.

Nimesikia jicho halikupona. Nimelia. Ndiyo, mimi Phanuel Osiako, niliyepiga ngoma ya isukuti kwenye matanga ya watu niliowapenda na sikudondosha chozi.

Lakini Quinter, na wewe pia. Kabla Khaemba hajanunua timu, Isiukhu ilikuwa inasafiri kwa lori la miwa. Wachezaji wetu walifika uwanjani na majivu mpaka kwenye masikio. Kipa alikuwa anaazima glavu kwa kipa wa wapinzani! Tulichekwa kutoka Butere mpaka Butali. Khaemba akaja, akaleta kampuni ya kubeti itudhamini, akaleta jezi, akaleta basi lenye viti vya kulala, na mwaka huo huo tukapanda daraja. Wewe ukaingia redioni kuuliza kilabu ni cha nani. Ni cha nani! Kila Jumatatu asubuhi, tukinywa chai: wanachama walipiga kura lini, mkataba wa udhamini uko wapi, mbona wachezaji hawajalipwa. Mtoto akishiba, nani anauliza uji ulitoka chungu gani? Hata kama Khaemba anakula, si anakula na sisi? Nyinyi watu wa redio mliandama mdhamini mpaka akatangaza anajitoa, na akatangaza asubuhi ya mechi. Watu walikuwa na hasira. Hasira ya watu wengi haina mwenyewe.

Sasa mwanangu Wekesa yuko rumande. Wengine walitawanyika, yeye akakamatwa kwa sababu alikuwa na damu kwenye jezi. Kesi ni tarehe nane Julai. Nimeambiwa shahidi wa maana ni wewe, na ukisema humkumbuki inakufa hapo hapo. Mliogeshwa kwenye karai moja, wewe na Wekesa. Mlikula sahani moja, na ukimmalizia nyama akija kwangu kulia. Mimi siombangi mtu mara nyingi, unanijua. Nakuomba usije.

Ni mimi ndugu ya mama yako,
Phanuel


Mahali nilipo
30 Machi 2025

Mjomba,

Mulembe kwako na kwa Auntie Rachael. Mwambie apunguze chumvi, na asinidanganye kwamba amepunguza. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu Mama hunitumia akipata mtu wa kumwamini, na watu hao wamekuwa haba. Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Ninaishi na rafiki yangu Chebet, tuliyesoma naye chuo. Ananisagia chakula kama cha mtoto mchanga kwa sababu taya langu limefungwa kwa waya. Juzi niliota natafuna obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, nikaamka nikilia kwa hamu. Kuku usilete. Mahali nilipo sipataji.

Umeandika kwamba jicho halikupona. Mjomba, jicho halipo. Daktari alilitoa. Kuna shimo lenye pamba, nami najifunza kumimina chai bila kumwaga mezani. Na kwa kuwa naona huko nyumbani jambo hili limekuwa ni hasira tu, kama mvua iliyonyesha, acha nikusimulie.

Tulifungwa moja bila. Kipenga kilipolia mashabiki walikuwa tayari wanaimba jina langu, wimbo ule wa kuomba nipate maradhi ya tumbo. Ngoma zako zilikuwa zinaupigia, nilizisikia, nazijua ngoma zako kuliko sauti yangu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa karibu na vyoo vya wachezaji. Walikuwa wananisubiri. Sikusema walinikuta, nimesema walikuwa wananisubiri. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, kimya. Wewe umewahi kuona mashabiki wa Isiukhu wakikaa kimya?

Wa kwanza alinishika nywele akanivuta hadi chini. Akasema, "Haya, uliza swali." Akanipiga teke mdomoni. Mwingine akasema, "Uliza!" akanipiga mbavuni. Likawa neno lao, uliza, uliza, na kila neno na pigo lake. Mmoja alikanyaga mkono niliokuwa nimeshika kinasa sauti, akasimama juu yake na uzito wake wote mpaka vidole vikaalika. Nilikuwa namwona mama mmoja anayeuza njugu pale ukutani, ameshika beseni lake, anatazama. Alifunika njugu zake na leso.

Wekesa alikuja mwisho. Alikuwa na nusu ya tofali. Nilimwita kwa jina letu la utotoni, lile ambalo hakuna mtu pale uwanjani aliyelijua isipokuwa yeye. Akasimama. Akanitazama vizuri, akajua ni mimi, halafu akapiga. Akapiga tena.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa mimi nina swali moja, maana kuuliza ndiyo kazi yangu na bado sijaiacha. Miaka yote nimekuwa nikitoka kwa mlango wa mbele. Nani aliwaambia kwamba siku hiyo nitatokea nyuma?

Wako,
Quinter


Lubao
18 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Leo ni Ijumaa Kuu. Tumetoka kanisani, pasta amehubiri mpaka watoto wakalala kwenye sakafu. Rachael amepunguza chumvi kwa siku mbili, ya tatu akasema anakufa, akairudisha. Trekta imekuja, imekata nusu ya miwa, nusu nyingine wameiacha, wamesema dizeli imeisha. Ndama ameachishwa kunyonya.

Nimesoma barua yako mara moja. Sikuweza kuisoma tena. Nimeificha mahali ambapo Rachael hafiki, kwa sababu ya yale uliyoandika kuhusu Wekesa.

Huku mambo yamechafuka. Mdhamini ameondoka kweli, na jezi zimebanduliwa maandishi yake. Khaemba aliita mkutano wa mashabiki uwanjani, akapanda juu ya basi, akasema maneno machache tu: "Mimi niliwaletea chakula, redio wamemwaga. Nendeni mkawaulize redio." Hayo yalitosha! Mwandishi mmoja wa gazeti, kijana anaitwa Mitchel, alikuwa pale na kamera yake. Walimvua viatu na shati wakamkimbiza hadi barabara ya lami, na huko wakamchapa kwa waya wa stima mpaka mgongo ukafunguka. Nilipaza sauti nikisema inatosha. Hakuna aliyenisikia, au walinisikia. Mimi ndiye mwenyekiti wao, mimi ndiye niliyewafundisha wengi wao kupiga ngoma, lakini kijana mmoja aliniambia, "Mzee, wewe piga ngoma tu."

Lakini sikiliza jambo jema. Wazee wamekaa. Wamesema damu imemwagika ndani ya ukoo mmoja, haiwezi kubaki hivyo, wewe na Wekesa hamwezi kula chini ya paa moja mpaka kondoo achinjwe na mpakwe yale ya tumboni mwake. Tukishafanya hivyo, tutakuwa na neno la kumpelekea hakimu, kwamba jamii imepatana. Na Khaemba, kwa hiari yake, amesema atamtoa kondoo yeye. Kondoo mkubwa, mweupe, nimemwona kwa macho yangu, na gari la kukuchukua ulipo. Aliniuliza uko wapi. Nikamwambia sijui, na kweli sijui. Basi niambie, ili gari lijue njia.

Pasaka njema, mtoto wangu. Usiniandikie kwa ukali.

Phanuel


4 Mei 2025

Mjomba,

Mulembe. Waya umetolewa kwenye taya. Nimekula viazi. Salamu kwa Auntie.

Unakumbuka yule jirani yetu aliyemkata ndugu yake panga wakigombana juu ya mpaka? Tajiri wake, mwenye kinu cha kusaga, alileta kondoo kwa pikipiki ili jambo liishe mfanyakazi wake arudi kazini. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nimekaa karibu na miguu yako. Wazee walimfukuza yule tajiri pamoja na kondoo wake. Ni wewe ulisimama ukasema kwa sauti kubwa: kondoo hutolewa na aliyemwaga damu. Akitolewa na mtu mwingine, hao wanaochinja wanachinja mboga. Nilikupenda sana siku hiyo. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mjomba wangu haogopi matajiri.

Sasa Khaemba anataka kutoa kondoo. Mwulize, yeye alimwaga damu ya nani? Akijibu, nitakuja kwa miguu.

Na asipojibu, basi kondoo atoke kwa mwenyewe. Mimi sijui ni zizi la nani. Pengine wewe unajua.

Hukunijibu swali langu.

Quinter


Lubao
1 Juni 2025

Quinter,

Mulembe. Leo ni sikukuu ya Madaraka na sijatoka nyumbani. Habari za nyumbani ni mbaya, sitazipamba.

Wekesa amechomwa kisu rumande. Si kisu hasa, ni kijiko kilichonolewa kwenye saruji. Alichomwa kwenye tumbo wakati wa kupanga foleni ya uji, na aliyemchoma akamwambia sikioni, "Hiyo ni ya kukufunga mdomo." Utumbo ulitoka, akaurudisha ndani kwa mikono yake mwenyewe akaketi chini. Ameshonwa. Atapona, wanasema. Mama yake alipomwona alianguka pale mlangoni, na askari wakamwagia maji kama anayezimwa moto.

Wekesa alikuwa hajasema kitu! Alikuwa anawaambia polisi alichoambiwa aseme, kwamba alikuwa peke yake, kwamba ni hasira. Nani basi alikuwa anaogopa mdomo wake?

Nilivaa koti nikaenda kwa Khaemba. Mlinzi aliniacha nisimame langoni kwenye jua, mimi niliyekuwa naingia pale nikipigiwa saluti. Alipotoka alikuwa kwenye gari, akashusha kioo kidogo. Nikamwambia mwanangu amekatwa tumbo. Akasema, "Pole, Mwenyekiti. Magereza ni mahali pabaya." Kisha akaniambia, kama mtu anayekupa habari za mvua, kwamba anauza kilabu. Kuna mtu wa Nairobi anayetaka nafasi yetu ya ligi, atabadilisha jina na kuhamisha timu. Nikamwambia kilabu ni cha wanachama. Akacheka, kwa kweli hakucheka kwa ubaya, alicheka kama anayemcheka mtoto. Akapandisha kioo.

Nilirudi nikawaambia mashabiki. Nilidhani watamwendea yeye. Unajua walifanya nini? Wakasema ni redio ndiyo imeuza timu! Wakasema waandishi walianza, mdhamini akafuata, sasa timu. Jumapili iliyopita walichoma basi likiwa uwanjani, lile basi letu la viti vya kulala, na dereva alikuwa amelala ndani. Alitoka kwa dirisha na shati likiwaka mgongoni. Wakampigia makofi.

Hayo uliyokuwa unasema redioni, ya nani mwenye kilabu. Sawa. Yalikuwa kweli. Nimeandika, usinifanye niandike tena.

Lakini usije Julai. Nilikuomba mwanzoni kwa ajili ya Wekesa. Sasa nakuomba kwa ajili yako. Na usiniambie uko wapi, hata nikikuuliza.

Phanuel


15 Juni 2025

Mjomba,

Mulembe. Pole kwa Wekesa. Naandika pole na nashangaa mkono wangu umekubali, lakini ni kweli, pole. Mwambie Auntie Rachael namkumbatia. Mama anasema atakuja kukaa naye wiki hii.

Nimesubiri kuanzia Machi. Nimekuachia nafasi barua kwa barua, nikisema labda hii, labda ijayo. Wewe umeniandikia habari za ndama na trekta na chumvi. Sasa nitasema mimi.

Dakika za mwisho za mechi simu yangu ililia. Ilikuwa wewe. Ngoma zilikuwa zinasikika nyuma yako. Ukaniambia, "Mwanangu, kwa mlango wa mbele kuna fujo. Tokea nyuma." Nikasema asante, Mjomba. Nilisema asante! Nikakusanya vitu vyangu nikaenda nyuma, na sikuangalia kushoto wala kulia, kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia.

Wapelelezi waliniuliza hospitalini nilijuaje kutumia mlango ule. Nilikuwa na jicho moja na mdomo uliovimba, nikaandika kwenye karatasi: sikumbuki. Nilikuwa naidanganya serikali kwa ajili yako na damu yangu bado haijaoshwa kwenye shingo. Mama hajui. Chebet hajui. Nilikuwa nawaza usiku, labda alidanganywa. Labda yeye mwenyewe alifikiri ananiokoa. Nikasubiri uniandikie hivyo, hata kama ni uongo ningekubali, Mjomba, ningeumeza! Hukuniandikia hata uongo.

Basi tarehe nane nitakuja. Nitamtaja Wekesa, kwa sababu nilimwona. Na wakiniuliza tena nani alinipigia simu, sitasema sikumbuki.

Quinter


29 Juni 2025

Mjomba wangu,

Naandika kwa haraka, Chebet amempata mtu anayesafiri leo, naomba Mama akufikishie mapema.

Usizingatie barua yangu ya mwisho. Au izingatie lakini usifanye kitu. Mitchel, yule aliyechapwa waya, bado anaongea na mashabiki wawili watatu. Ameniambia huko Lubao wanasema Mwenyekiti amebadilika, Mwenyekiti ana mdomo. Na Mama ameniambia umeanza kumtenga kondoo mmoja zizini na kumlisha peke yake. Nimeelewa. Usimtoe! Angalau si kabla ya kesi. Ukitoka naye hadharani kila mtu atajua maana yake, na Khaemba atajua kabla ya wote.

Nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Lakini nilipofikiria wale watu wamekaa kwenye nyasi kimya wakikusubiri wewe, nilichukua kalamu. Kaa nyumbani. Nitasema sikumbuki, nitasema mara zote watakazotaka. Jicho limeshaenda, halirudi kwa kukupoteza wewe.

Kaa nyumbani, Khotsa, mjomba wangu. Tafadhali.

Quinter


Kakamega, hospitalini
5 Julai 2025

Mpwa wangu Quinter,

Mulembe. Mwandiko huu utaujua, ni wa Rachael. Mimi ninasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno hata kama halimpendezi, naye amekubali kwa kuapa.

Ndama hajambo. Miwa yote imekatwa, hatimaye.

Barua yako ya kunikataza mama yako aliniletea hapa kitandani, akanisomea. Ilikuwa imechelewa. Zipporah alilia kwa sababu aliilaza kwake siku mbili akimwuguza mtoto wa jirani. Usimkasirikie. Hata ingefika mapema ningetoka. Nakujua, na unanijua.

Siku ya soko nilimfunga kondoo kamba nikamtoa zizini. Ni kondoo wangu, wa zizi langu, hakuna aliyenichangia. Ningeweza kumpakia pikipiki nimpeleke Butere kwa mama yako kwa njia ya nyuma, lakini kondoo wa damu hapiti njia ya nyuma. Nilipita naye katikati ya soko, mbele ya pale mashabiki wanapokaa na ngoma. Wakaacha kupiga. Mmoja akauliza, "Mwenyekiti, unauza?" Nikasema siuzi. Akauliza, "Ni wa Khaemba?" Nikasema ni wangu, ninampeleka kwa Zipporah. Watu wote wa soko lile ni watu wa kwetu, Quinter, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mama wa mboga aliweka mkono mdomoni. Niliona mmoja wa vijana akipiga simu.

Sikumaliza kulivuka soko. Walikuja na pikipiki, na wengine walikuwa wale wale niliowafundisha kupiga, ninajua mama zao. Kwanza walimkata kondoo shingo, pale kwenye matope, wakamwacha arushe miguu. Kisha wakasema mzee anapenda ngoma, leteni ngoma. Wakaleta isukuti yangu mwenyewe kutoka kijiweni. Wakaniwekea mikono juu ya ngozi, mmoja huku mmoja huku, wakapiga kwa rungu kama wanaotwanga. Ngozi ilipasuka na mikono ikaingia ndani, wakaendelea kupiga. Wachuuzi wa ng'ombe ndio waliowaondoa kwa fimbo zao. La sivyo wangefika kichwani, maana walikuwa wameanza kuongea juu ya kichwa.

Mkono wa kulia umekatwa kwenye kifundo. Wa kushoto una vidole viwili, daktari anasema vitakuwa vya kushikia kikombe. Rachael analia anapoandika hapa, lakini anaandika.

Sasa lile swali lako. Khaemba aliniambia vijana wanataka kuongea nawe tu, wakutishe kidogo uache kipindi. Aliniambia hivyo akiwa ameniwekea mkono begani. Mimi nilikuwa nataka uache, Quinter. Nilichoka kuzomewa kijijini kwamba mpwa wa Mwenyekiti anaua timu. Nikapiga simu. Nikasikia ukisema asante, nikaweka simu mfukoni nikachukua ngoma. Nilipiga kwa nguvu zaidi ili nisisikie. Sikujua watakutoa jicho. Nilijua hawatakuacha mzima. Hapo katikati ndipo nilipokuwa nimesimama, na sina mahali pengine pa kusimama.

Tarehe nane nitaletwa mahakamani. Daktari amekataa, nimemwambia anibebe au nitambae. Mpelelezi amekwisha kuja hapa, nimemwambia, ameandika. Nitajitaja mimi na simu yangu. Nitamtaja Khaemba, na yale aliyosema, na mkono wake begani. Atakuja na mawakili wake, waje.

Wewe njoo, kwa sababu ni haki yako kuwaona. Wakikusimamisha, sema kuhusu mlango, sema kuhusu jicho, sema walivyokuambia uulize. Lakini jina la Wekesa usilitaje. Mkitajana kizimbani, mtoto wa dada na mtoto wa kaka, nyumba hii haitakuwa na mtu wa kuiamkua tena. Yeye amwage damu yako, halafu wewe umfunge, halafu watoto wenu wafanyeje? Nimekwisha kumtuma askari amwambie Wekesa ajitayarishe. Nusu ya tofali nitaisema mimi, na mkono uliolishika.

Rachael ameacha kuandika. Ametoka nje. Amesimama kwenye veranda, namwona mgongo.

Amerudi. Ameniuliza kama hakuna namna nyingine. Nimemwambia sina.

Andika, mama Wekesa: mwanangu nitamtaja mimi.

Ameandika.

Mjomba wako,
Phanuel Osiako